Sprei ya pilipili: mwongozo kamili kwa anayefunga kazi usiku Kisumu

Kwa miaka sita nimekuwa nikifunga kibanda changu cha M-Pesa pale Kondele saa mbili na nusu usiku, kisha natembea hadi Manyatta. Ni mwendo wa dakika kumi na mbili ukiwa na viatu vya chini. Dakika tisa za kwanza zina taa, boda, akina mama wa samaki na mahindi ya kuchoma. Tatu za mwisho hazina kitu ila ua wa mabati na mtaro. Hizo tatu ndizo zilizonifanya nifikirie sprei ya pilipili.

Mara ya kwanza kuihitaji haikuwa kwa mtu bali kwa mbwa. Nilikuwa nayo ndani ya mkoba, chini ya daftari la miamala, chaja, leso na peremende zilizoyeyuka zikagandana. Nilipoigusa kwa vidole, mbwa alikuwa amekwisha kunirarua sketi na kwenda zake. Nikabaki gizani nimeshika kopo kama mtu aliyeletewa mwavuli baada ya mvua. Kopo lile halikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa mahali lilipokaa.

Sprei haikupi usalama. Inakupa sekunde chache za kukimbia, na sekunde hizo huwa umezipata au umezipoteza kabla hujabonyeza chochote.

Anza na sheria, si duka

Mjini utaiona ikiuzwa juu ya kaunta, na mtandaoni unaletewa hadi mlangoni. Kuuzwa waziwazi si kibali. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, inapoeleza silaha ya moto ni nini, haiishii kwenye mtutu na risasi. Inataja pia silaha yoyote iliyoundwa kutoa majimaji, gesi au kitu kingine chenye kudhuru. Soma maneno hayo ukiwa umeshika kopo lako, uone kama utathubutu kusema hayakuhusu.

Chama chetu cha akina mama kilituma wawili wakaulize kwenye kituo kimoja cha polisi. Askari wa dawatini alicheka akasema, "Nyinyi akina mama bebeni tu." Mwenzake, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu, akasema ukikamatwa nayo utajieleza mbele ya hakimu. Dawati moja, majibu mawili. Kwa hiyo muone OCS, mkuu wa kituo mwenyewe, au wakili kabla ya kutoa pesa. Na wenye kazi ya leseni ni Bodi ya Leseni za Silaha. Ukiambiwa hapana, au usipopata jibu la kukutuliza moyo, nunua king'ora cha mkononi na tochi kali. Sehemu kubwa ya nitakayoyasema hapa itakufaa vilevile.

Kuna na upande wa matumizi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema kujitetea kutapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Kwa lugha ya kibandani: uwe ulikuwa hatarini kweli, nguvu uliyotumia ilingane na hatari hiyo, na hatari ikiisha na mkono wako uishe. Kumpulizia mtu aliyekutukana, mpangaji mwenzako mnayegombania kamba ya nguo, au mume wa mtu aliyekukopa akaingia mitini, huko si kujitetea. Hapo mshtakiwa ni wewe.

Usiende nayo uwanja wa ndege. Kanuni za usafiri wa anga zinaikataza mwilini na kwenye mizigo yote. Kama unavuka Busia au Malaba, iache nyumbani, maana upande wa pili una sheria zake. Na kama shangazi yako wa Marekani amekuletea zawadi kwa sababu kwao inaruhusiwa, mshukuru, kisha urudi mwanzo wa sehemu hii. Hata Uingereza, tulikorithi sheria nyingi, ni marufuku raia kuwa nayo.

Ni kitu gani hasa

Sisi watu wa Kondele tunaijua gesi ya kutoa machozi kuliko tunavyopenda. Hii ni tofauti. Ile ya polisi ni kemikali ya kiwandani inayoenea kama moshi. Hii ni mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye pilipili, yenye kapsaisini, kitu kilekile kinachokuunguza vidole ukikata pilipili mbuzi kisha ukajisahau ukagusa jicho. Ikipata macho, kope hujifunga zenyewe kwa uvimbe, kamasi hutiririka, kifua hukaza, kikohozi hakiishi. Makali yake huchukua kama dakika 30 hadi 45, na ngozi inaweza kuendelea kuwaka saa kadhaa. Kwa kuwa huvimbisha badala ya kuuma tu, mara nyingi humsimamisha hata mlevi ambaye maumivu hayasikii vizuri. Nimesema mara nyingi. Wapo wanaoendelea kuja wakiwa wamefumba macho.

Kuchagua

Usidanganywe na tarakimu ya Scoville, kipimo cha ukali wa pilipili, iliyochapishwa kubwa kwenye kasha, milioni mbili, milioni tano. Hiyo aghalabu hupima mafuta ghafi kabla hayajachanganywa. Asilimia ya mafuta ya pilipili nayo inakueleza wingi, haikuelezi ukali. Tafuta maandishi madogo yanayotaja kapsaisinoidi kuu, yaani kapsaisini na ndugu zake wanaounguza. Kopo la maana huwa kati ya asilimia 0.7 na 1.33. Kasha lisilotaja hivyo, lisilo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho, lirudishe kwenye kaunta.

Kisha angalia inavyotoka. Kuna ya ukungu, ambayo haihitaji shabaha lakini hurudishwa na upepo hata mdogo. Kuna ya mchirizi, kama maji ya bastola ya watoto. Hufika mita 3 hadi 4 na upepo hauisumbui sana. Na kuna jeli, nzito zaidi, huganda usoni na haielei hewani, ila inataka shabaha na huchelewa kidogo kuuma. Kwa Kisumu nasema mchirizi au jeli. Mchana na jioni upepo hutoka ziwani kuja bara, na usiku ukikomaa hugeuka ukatoka bara kwenda ziwani. Katikati ya zamu hizo mbili hujui unatoka wapi, na hiyo ndiyo saa ya kufunga maduka. Dada zangu wa Nakuru wenye vumbi la Kaptembwo na Rhonda hawana haja ya kuelezwa habari za upepo.

Chagua kopo linaloenea kwenye ngumi, lenye loki ambayo kidole gumba kinaweza kuifungua bila macho. Yale madogo yaliyofichwa kama rangi ya midomo yanapendeza, lakini gizani huwezi kujua mdomo wake umeelekea wapi.

Wale wanaosaga pilipili na siki wakatia kwenye chupa ya kupulizia, waacheni wafanye mambo ya jikoni. Mbegu huziba tundu, mchanganyiko huchacha ukavimbisha chupa, na hauendi mbali. Nimeona ikimchuruzika mwenyewe hadi kwenye kiwiko.

Mahali pake ni mkononi

Si kwenye mkoba. Mkoba ndio kitu cha kwanza kunyakuliwa, na ukienda umekwenda na sprei. Si shingoni kwa kamba pia, kwa sababu wakabaji wa ngeta huja kutoka nyuma na kamba ile unakuwa umewafanyia nusu ya kazi.

Mimi huitoa kabla ya kufunga kufuli la kibanda. Nageuza ufunguo kwa mkono wa kushoto, kopo liko kwenye ngumi ya kulia, mdomo umeelekea mbele, kidole gumba kimelala ubavuni mwa loki bila kuifungua. Mkono unashuka kando ya paja, au unaingia kwenye mfuko wa jaketi ukiwa bado umeshika. Anayenitazama anaona mama amechoka. Simu iko ndani ya nguo, haiko sikioni, na masikioni hamna kitu. Mkoba ubebe kwenye bega la upande mwingine, usivuke kifua. Akiuvuta, uende peke yake.

Ukifika nyumbani, iweke mahali pamoja kila siku, juu, mbali na watoto. Mtoto akiona kitu chenye kitufe hulazimika kubonyeza, ni maumbile yake.

Mazoezi ya uani

Hapa wengi huruka, na hapa ndipo ningetaka ukae. Kuna makopo ya mazoezi yenye maji yasiyo na pilipili. Ukikosa, chukua ile chupa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi; haitakufundisha loki lakini itakufundisha mkono.

Chama chetu tulifanya Jumapili moja kwa Mama Atieno, uani, baada ya kupiga mahesabu ya mwezi. Tulining'iniza kartoni ya sabuni kwenye kamba ya nguo, tukaichora macho na mdomo kwa makaa. Mama Atieno, mwanamke anayebeba gunia la omena peke yake kutoka kwenye gari, alisimama hatua nne, akanyoosha mkono, akafumba macho yake mwenyewe, akabonyeza. Maji yalipiga nguo za jirani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha kila mmoja wetu alipofika zamu yake tuligundua kwamba sote tunafumba macho, au tunasahau loki, au tunabonyeza mara moja tu na kusubiri kuona kama imefaa.

Tukapanga hivi, na mpaka leo hufanya hivi kila baada ya miezi mitatu. Simama mguu mmoja mbele. Mkono mtupu uinuke usawa wa kifua, kiganja nje, kama unayesema "ngoja". Mkono wa kopo usinyooke kabisa, maana mkono ulionyooka hukamatwa. Kwa sauti ya tumboni sema, "Rudi nyuma!" Fungua loki, lenga macho, bonyeza nusu sekunde hadi sekunde moja huku ukivuta mstari kutoka sikio hadi sikio. Papo hapo piga hatua mbili kwa upande, mshazari, usirudi kinyumenyume. Bonyeza tena kama bado anakuja. Kimbia.

Hatua za upande zina sababu yake. Mtu aliyepuliziwa huendelea kwenda pale alipokuona mara ya mwisho. Usiwe pale.

Rudia ukiwa umevaa kile unachovaa kweli usiku, na mkoba begani. Rudia gizani. Baada ya kama mara ishirini kidole kinaanza kuijua loki chenyewe.

Hatua nne za kawaida ni kama mita 3. Ukimwacha mtu afike karibu zaidi ya hapo, hutapata nafasi ya kunyoosha kitu. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuhusu majaribio ya mtu mwenye kisu, akaonyesha kwamba mita 6 na nusu hivi huzimaliza kwa takriban sekunde moja na nusu. Ndiyo maana onyo la mdomo hutolewa mapema, akiwa bado ni mtu wa kutiliwa shaka tu. Akiwa mpita njia mwema, atakuona una wazimu na kuvuka barabara. Mimi nimeitwa wazimu mara mbili na nililala salama.

Saa yenyewe ikifika

Akitaka simu au mkoba na ana bunduki, mpe. Sprei haibishani na risasi. Hata mwenye kisu, kama anachotaka ni simu na kuna mahali pa kuitupa mbali nawe, itupe huko na uende upande mwingine. Weka pilipili kwa ajili ya mwili wako: anayekushika, anayekuvuta kuelekea mtaroni, anayekuziba njia akiwa na wenzake.

Wakiwa wawili au watatu, mpulizie aliye karibu zaidi na njia yako ya kutokea, si yule anayesema sana. Unafungua mlango tu.

Kwenye boda, usithubutu kumpulizia dereva mkiwa mwendoni; mtaanguka wote, na kofia yenye kioo humkinga macho hata hivyo. Akiacha njia mliyokubaliana, sema kwa sauti ashushe, na ushuke anapopunguza kasi kwenye tuta. Ndani ya matatu usiitumie kabisa. Madirisha yamefungwa, kuna mtoto mgongoni mwa mtu, kuna mzee mwenye pumu, na wewe mwenyewe utakuwa unakohoa kama wengine. Mvua ikinyesha huwa inafanya kazi bado, ila karibia hatua moja zaidi.

Mbwa wa mtaani, mwelekeze mstari puani na machoni mapema anapochuchumaa kuruka. Akikung'ata licha ya yote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Sasa jambo ambalo miongozo ya wageni haina. Ukipulizia ukapiga kelele "Mwizi!", huku kwetu umeita mawe na matairi. Unamwacha mtu asiyeona, asiyeweza kukimbia, mbele ya umati usiouliza maswali. Nimeona mwisho wa jambo hilo mara moja, karibu na soko, na sitaki kulisimulia. Anaweza kufa kwa ajili ya simu, na wewe ukawa shahidi au mshtakiwa. Piga nduru. Nduru ya mama kila mtu Kisumu anaielewa, inafungua milango na kuwasha taa bila kumhukumu mtu yeyote. Au taja mahali: "Nisaidieni, niko kwa mabati!"

Kimbia kwenye mwanga na watu: kituo cha mafuta, duka la dawa, kibanda cha chipsi. Usigeuke kutazama kazi yako. Ukishavuta pumzi piga 999 au 112.

Kujiosha

Karibu kila anayepulizia hupata kidogo. Toka kwenye hewa safi, simama uso ukielekea upepo unakotoka, pepesa macho haraka haraka. Usisugue. Toa lenzi za macho kwa mikono iliyooshwa, au umwombe mtu mwingine. Maji baridi yanayotiririka, mengi, dakika 15 au zaidi, kichwa kimeinama ili yasishuke kifuani. Ngozi ioshe kwa sabuni ya vyombo au shampuu ya watoto, maana pilipili imo kwenye mafuta na maji peke yake huisambaza tu. Sabuni ya vyombo isiingie machoni.

Usipake Vaseline wala mafuta ya Arimis, hufungia mafuta ya pilipili ndani ya ngozi. Watu watakuletea maziwa. Yanapoza, lakini hayashindi maji safi, na bei yake mnaijua. Nguo zivue, zifue peke yake. Ukioga, usianze na maji ya moto. Niliwahi kufanya hivyo baada ya mazoezi ya kopo la kweli, nikajua nina ngozi sehemu ambazo sikuwa nikizifikiria.

Mwenye pumu anayeshindwa kumaliza sentensi, au jicho ambalo baada ya saa moja bado halifunguki, aende hospitali. Na kama ulilazimika kumpulizia mtu akaanguka, mtu yeyote asimkalie mgongoni kifudifudi. Anaweza kukosa hewa.

Kituoni na hospitalini

Piga ripoti usiku huohuo au asubuhi, hata kama hukuumia, usisubiri yeye atangulie kujieleza. Hakikisha imeandikwa na uondoke na namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni. Eleza kwa mpangilio: alifanya nini, ulisema nini, ulipulizia mara ngapi, uliacha lini. Kopo lihifadhi. Ukiumizwa, omba fomu ya P3, ile ya polisi ya kuonyesha majeraha, ijazwe na daktari.

Ikiwa ulibakwa au kulikuwa na jaribio, osha macho tu. Usioge, nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, nenda hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure, na huko utapata mtu wa kukuelekeza wakati wowote.

Kutunza kopo

Usiliache ndani ya gari au kibanda cha mabati kilichofungwa juani. Makopo mengi huandikwa yasipite nyuzi 49 au 50, na mabati ya Kondele saa nane mchana hayajui kusoma. Litikise mara moja kwa mwezi. Muda wake huwa miaka miwili hadi minne. Pilipili haiishi makali upesi, kinachopotea ni gesi inayoisukuma. Langu la kwanza, lililopitwa na mwaka mmoja, nililijaribu uwanjani. Lilitema mate mita moja kisha likanichuruzika viatuni.

Lililozeeka lifanyie mazoezi mahali wazi, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali, hadi liishe kabisa. Usilitupe kwenye shimo la takataka zinazochomwa, litalipuka. La sasa linaisha Machi. Nimeandika kwa wino mweusi ukutani mwa kibanda, chini ya namba ya wakala, na wateja huniuliza ni deni la nani.